Siku ya Kula

Mwaka 1948, kama ungeuliza pale Kanduyi ni nani mtu wa maneno, ungeonyeshwa Wakhungu. Alikuwa mkalimani wa baraza. Mzee akisema kwa Kibukusu, Wakhungu aliyageuza maneno yale kuwa Kiswahili, karani akaandika. Ulimi wake ulikuwa na ila moja tu, ileile yetu sisi wote wa upande huu: r na l alizichanganya, na aliandika vilevile alivyosema. Barua aliiita balua. Makarani walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Mama yake, Nakhungu, alikuwa Sirisia, maili ishirini kutoka hapo, mgonjwa wa kifua tangu Krismasi. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Kila Wakhungu alipokwenda kumjulia hali, mama aliuliza jambo moja tu: Jotham atakuja lini?

Jotham alikuwa kitinda mimba wake. Kwa miaka sita alikuwa kibarua katika shamba la mzungu mmoja ng'ambo ya Kitale, njia ya Kachibora, na kwa miaka hiyo sita hakupewa ruhusa hata ya siku mbili. Wakhungu aliandika mara mbili kumwombea. Jibu lilikuwa lilelile, kwamba mahindi hayangojei mama wa mtu. Lakini mzungu yule alikuwa na ugonjwa wake, nao ni mpira. Timu ya vibarua wake ilikuwa imefunga mashamba yote ya jirani, na golikipa wake alikuwa Jotham.

Basi Wakhungu akapiga bongo. Kama hawezi kumtoa ndugu yake kwa ajili ya mama, atamtoa kwa ajili ya mpira. Hapo Kanduyi hatukuwa tumeona mashindano ya aina yoyote. Akaenda kwa chifu akabembeleza mpaka kikombe kikapatikana. Akakata mikaratusi ya magoli kwa mkono wake, akafyeka uwanja kila jioni baada ya baraza, na watu wakasema mkalimani ameingiwa na wazimu. Alwi, mwenye duka karibu na msikiti wa Bungoma, alikubali kumleta mama kwa lori lake tarehe 22 Mei, siku ya mpira. Angekalishwa nyuma ya goli, karibu kabisa na kipa. Mama alipoambiwa, aliomba nguo yake nzuri ifuliwe mapema.

Timu za jirani Wakhungu alizialika kwa mdomo. Ya Kitale, yaani ile ya mzungu, aliipelekea barua: "Njooni Kanduyi talehe 8 Mei. Siku hiyo ni ya kula. Mpila utakuwa baada ya kula."

Alikusudia kura, ya kupanga nani atacheza na nani. Kila timu ilete mtu mmoja avute karatasi kwenye kofia, basi. Timu za Kimilili na Malakisi hazikupata taabu, maana sisi wa huku kura tunaila tangu zamani. Lakini barua ya Kitale ilisomwa na Mohamud, dereva wa lori la shamba, aliyekulia Mombasa, na kwake kula ni chakula.

Tarehe 8, saa sita mchana, wajumbe walikuwa wameketi barazani, kofia mezani, lori likaingia likiimba. Timu nzima ilikuwa juu yake, jezi zimefuliwa, matumbo matupu tangu alfajiri, kwa kuwa hakuna anayekwenda karamuni ameshiba.

"Bwana mkalimani, chakula kiko wapi?" Mohamud akauliza akicheka.

Wakhungu hakumsikia. Alikuwa amemwona Jotham akiruka chini. Walikumbatiana pale vumbini, na kwa muda Wakhungu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kanduyi.

"Mayi yuko wapi?" Jotham akauliza. "Umemkalisha wapi?"

"Mayi yuko Silisia. Ataletwa siku ya mpila."

"Si siku ya mpila ndio leo?"

Mohamud akatoa barua mfukoni. Wakhungu akausoma mwandiko wake mwenyewe.

"Kula, bwana!" akasema. "Kula ya kalatasi! Ya kuchagua!"

"Kura," Mohamud akasema polepole. Hakucheka tena.

Lori la Alwi lilikuwa Kisumu. Kwa baiskeli, kwenda Sirisia tu ni mwendo wa saa tatu, na lori la shamba lilikuwa limepimiwa petroli ya kwenda na kurudi tu, nalo lilitakiwa kuondoka saa tisa. Wakhungu akamshika ndugu yake mkono, akasema waende hivyohivyo, yatakayokuja yaje.

"Niko na bibi na watoto wanne kule," Jotham akasema. "Nikichelewa, mimi ni jela, na wao wanafukuzwa shambani. Hata wewe unajua."

"Na talehe ishilini na mbili?"

"Bwana alisema ni siku moja tu, bana. Hii ndiyo hiyo."

Saa tisa lori likaondoka. Vumbi lilipotulia ndipo Wakhungu alipokumbuka kwamba hakumpa ndugu yake hata maji ya kunywa.

Kesho yake alikwenda Sirisia akamweleza mama yote, bila kuficha neno. Mama hakumlaumu. Aliuliza tu, "Alikula?"

"Alikula, mayi," Wakhungu akasema. "Alishiba."

Akatoka nje akalia nyuma ya ghala, akiuchukia ulimi wake.

Nakhungu alifariki usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 18, akiwa amebakiza siku nne. Kabla ya maziko Wakhungu aliandika barua nyingine, akampa Alwi aikague herufi kwa herufi, ndipo akaituma kwa yule mzungu: "Mama amefariki. Mruhusuni Jotham aje amlilie." Kisha akamwomba chifu avunje mashindano. Chifu akakataa. Watu wako njiani, akasema, na kikombe kimeshanunuliwa.

Basi Jumamosi Wakhungu alisimama katikati ya uwanja na nywele zake zimenyolewa kwa msiba, akipuliza filimbi. Umati kama ule ulikuwa haujapata kuonekana. Kipindi cha pili aliona lori la Kitale likija, akaiacha mechi vilevile, akakimbia.

Alikuwa Mohamud peke yake, akienda stesheni kuchukua magunia.

"Jotham?"

Mohamud akavua kofia. "Pole sana, bwana mkalimani. Niliisoma barua mbele ya mzungu, neno kwa neno. Akasema Jotham alishapewa siku yake ya kwenda Kanduyi."

Nyuma yao goli likaingia, umati ukalipuka. Vijana wakaja mbio, wakambeba Wakhungu mabegani, wakimzungusha uwanja mzima na kuliita jina lake, kwa sababu ndiye aliyetuletea siku ile. Naye aliangalia njia ya Kitale tu. Mashindano yale yote alikuwa ameyatengeneza kwa ajili ya mchezaji mmoja, na saa ile mchezaji huyo alikuwa ameinama kwenye mahindi ya mtu mwingine, akipalilia, bado hajamlilia mama yake.