Siku Kumi na Nne za Mzee Wembe

Babangu ni kinyozi, na ukitaka kumkuta kimya basi subiri alale. Wateja humwita Mzee Wembe, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya ulimi pia. Miaka thelathini amesimama nyuma ya kiti kilekile, watu wakimkoholea na kumpigia chafya, na msimamo wake ulikuwa mmoja: mafua hayajawahi kumlaza mtu mwenye afya.

Mimi nilijifungua kabla ya siku zangu. Mwanangu alitoka hospitali mwepesi kama mkate, mapafu hayajakomaa vizuri, nikarudi naye nyumbani kwa wazazi. Nesi wa kliniki alinieleza bila kuzunguka kwamba homa ya mafua si yale mafua ya kupenga kamasi yakaisha. Kwa mtoto kama huyu ingeweza kuwa kifo. Na yeye mwenyewe hachanjwi mpaka afikishe miezi sita.

"Kwa hiyo mchanjwe nyinyi mnaombeba," alisema.

Mimi na mama tulichanjwa wiki hiyohiyo. Baba akagoma.

"Unataka niugue kwa makusudi?" aliniuliza. "Karani wa posta kachomwa sindano Jumatatu, Jumatano yuko kitandani. Imempa mafua ileile sindano."

"Baba, nesi kasema virusi vya kwenye sindano vimeshakufa."

"Basi vilifufuka."

Mama alicheka. Mimi nilipandwa na hasira, nikamwambia kama hachanjwi asimshike mwanangu. Ni maneno mazito kumwambia mzazi, tena ndani ya nyumba yake, na niliyasema nikimtazama usoni. Alitua kikombe chake, akaenda kazini bila kuaga.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye. Mchana hapakuwa na mteja, akawa anafuta kioo, ndipo akakumbuka mara ya mwisho alipokisugua kwa hasira. Ilikuwa Jumapili. Karani wa posta alikaa kitini akapiga chafya tatu mfululizo, kioo kizima kikalowa. Jumapili, sindano hata hajaiona.

"Mtu kaja na ugonjwa wake mwenyewe," alisema, "mimi nikausingizia sindano."

Akafunga duka saa saba mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku niliyozaliwa, na mama hajamsamehe mpaka leo. Alirudi na mkono wa shati umekunjwa. Niliinuka nimpe mjukuu wake, akarudi nyuma.

"Nesi anasema kinga inachukua kama wiki mbili kujijenga. Na mimi kule nakoholewa kutwa nzima. Ngoja kwanza."

Basi kila jioni akawa anaoga, anabadili nguo, anasimama mlangoni mwa chumba changu mikono nyuma, na kumpa mtoto habari za dukani: nani kaanza upara, nani anaukataa. Homa ilipita mtaani bila huruma. Kinyozi mwenzake wa kiti cha pili alilala wiki nzima hawezi kuinua kichwa. Baba mkono ulimuuma siku moja, basi. Mtoto alinyonya, akalala, mashavu yakaanza kujaa.

Namshukuru yule nesi. Namshukuru Mungu. Lakini zaidi namshukuru mzee huyu mbishi, aliyejisahihisha peke yake mbele ya kioo, bila mtu wa kumshangilia, kwa sababu ya mtoto ambaye hata jina la babu yake halijui.

Jioni moja mtoto aliisikia sauti yake, akageuza kichwa na kutabasamu. Sikuweza kuvumilia.

"Baba, njoo umchukue."

Mikono yake ilitangulia mbele kabla hajafikiri. Kisha akairudisha mgongoni.

"Leo ya kumi na tatu, mama," alisema. "Bado kesho."

Akaendelea na habari za upara, na mimi nikamwinamia mtoto ili baba asinione ninavyolia.