Upanga wa Mkono wa Kulia

Mume wangu, Baba Usun, hamung'unyi maneno. Ukimletea upanga wa kale aupime, kwanza ananusa ala, kisha anagonga bapa kwa ukucha na kutega sikio, halafu anachungulia mpini pale kiganja kinapokaa. Mpini wa pembe ya kulungu hugeuka manjano kwa jasho la mshikaji, tena pale tu alipokuwa akishika. Wadanganyifu huchemsha pembe nzima kwa majani ya chai. "Babu yako alikuwa na mikono mingapi?" anamuuliza mwenye upanga, na baraza zima la nyumba yetu ndefu, tunamokaa ukoo mzima, linaangua kicheko. Mto Baram wote unamwogopa. Mimi namwambia, "Mdomo uliponza kichwa, baba, na wako utaponza posa ya mtoto."

Lakini ugonjwa wake naujua. Baba yake alipofariki, baba mdogo aliutwaa upanga wa marehemu akampa mchuuzi, akapewa injini ya mtumbwi. Tangu utotoni mwanaume huyu, kila upanga anaoushika, anautafuta ule. Shanga za buluu kwenye ala, nyota za shaba kwenye bapa, pengo karibu na ncha: akinywa pombe ya mchele kidogo tu, lazima atusimulie. Hata mbwa wetu wanalijua lile pengo.

Basi akaja Lawai, mhunzi kijana, kumposa binti yetu Usun. Kwetu posa ni upanga. Baba wa binti akiupokea, mmekuwa ndugu. Akiurudisha, pandeni mtumbwi wenu mwende. Usun alikuwa amekonda kwa mapenzi, na mimi huyo kijana nilimpenda, nifiche nini? Mjomba wa Lawai, Laing, ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Baba Usun, tumehangaika huku na huku. Tazama mwenyewe tulichokipata."

Akafunua kitambaa. Mama yangu wee! Shanga za buluu. Mume wangu akauchomoa. Nyota za shaba. Pengo. Hakunusa wala hakugonga. Aliukumbatia tu kama mtoto aliyerudi, nami nikaanza kulia pale pale.

Kisha akaugeuza upande wa pili, akapitisha kidole gumba kwenye bapa.

"Nani kaufua?"

"Aa, huo ni wa kale, Baba Usun, tuliupata kwa..."

"Laing, sijakuuliza wewe."

Lawai akainamisha kichwa. "Mimi, baba. Nilitaka ufurahi."

Usun akajifunika uso. Mimi nikawaza, kwisha habari yetu.

"Umejitahidi," akasema mume wangu, "ila umekosea. Tazama bapa. Shavu moja limevimba, jingine limebonyea. Upanga wetu hufuliwa kufuata mkono anaoutumia mwenyewe. Huu ni wa mkono wa kulia. Baba yangu alikuwa mashoto."

Hata mimi mkewe sikulijua hilo.

"Hukuwahi kusema, baba," Lawai akajibu kwa sauti ndogo.

"Sikusema. Shanga nimewaimbia miaka yote, mkono wa baba yangu nikauacha." Machozi yakamdondoka mbele za watu, naye hakuyafuta.

Laing alikwisha kunyoosha mkono auchukue upanga wao waondoke.

"We Laing! Unaupeleka wapi?"

"Si umeukataa?"

"Nimesema si wa baba yangu. Wake ungenisumbua, mimi si mashoto." Akausukuma ndani ya ala, akajifunga kiunoni, akajaribu kuuchomoa kwa mkono wa kulia, mara moja, mara ya pili. "Huu ni wangu mimi. Usun, acha kujificha, mwanangu. Mmiminie mumeo pombe."