Mutoto Mwenye Feza Alikatazwa Kubeba

Nilipokuwa mutoto wa miaka tisa, kule Simi-Simi, pembeni ya muto, mugongo yangu ilikuwa kitanda ya mutoto wa mama mudogo Feza. Yeye mwenyewe alikatazwa kumubeba.

Tangu azae, Feza hakuwa anakula wala kusema. Alikuwa anaangalia ukuta, machozi inashuka. Koko, mama yake, akatoa sababu: akiwa na mimba alioga mutoni saa sita ya mchana, na mamba-muntu, yule mwanamuke wa maji, akamutamani. Mama wa namna ile akifunga mutoto mugongoni, atamupeleka mutoni. Donc, basi, anyonyeshe tu, halafu tumunyanganye mutoto. Majirani wakakubali. Na mimi, ulimi yangu haijuangi kulala, nikapeleka habari mpaka kwa robine, kwenye wanawake wanachotaka maji, na chumvi juu.

Feza aliniomba: "Zaina, nifungie yeye mugongoni kidogo tu."

"Koko atanichapa."

Akarudilia ukuta wake.

Siku moja Koko alienda soko. Feza akatoka bila viatu, akashika njia ya muto. Nikamufuata, mutoto mugongoni. Akaingia, maji ikafika magoti, ikafika kiuno, haangalie nyuma. Basi nikafanya kile nilijua vizuri: nikadanganya.

"Mama mudogo, kikwembe inafunguka. Mutoto anaanguka."

Akasimama. "Kaza fundo."

"Sijue kukaza. Kuya wewe ukaze."

Akageuka, akaangalia mutoto. Kisha akatoka, akamuchukua, akainama, akamulaza mugongoni yake, akafunga. Mutoto akabandika shavu, akatulia. Feza akaanguka juu ya mawe, akalia kwa sauti.

"Hakuna mamba-muntu, Zaina. Nimechoka tu. Na huyu moja mwenye alikuwa ananituliza, mulimuchukua."

Koko alitukuta njiani. Akaona mutoto ametulia mugongoni ya Feza, akamuacha pale. Jioni akamupikia pondu, yale majani ya muhogo, akakaa karibu yake mpaka akala.

Nisidanganye tena: Feza hakupona siku ile. Alilia miezi mingi, lakini na mutoto wake mugongoni.

Siku hizi manesi wanasema ile ni ugonjwa, iko na jina, na mama asitenganishwe na mutoto wake. Niliposikia vile nikacheka, halafu nikatoka inje nisionekane nikilia. Maana kabla ya mambo ya Feza, wanawake wawili majirani wa avenue yetu, wenye walikuwa wametoka kuzaa, walikufia mutoni, na sisi wote tulisema ni mamba-muntu. Sasa, nikiwa muzee, najiuliza nani alikuwa anawabebea watoto wao.