Chetezo cha Mwajabu

Wifi yangu Mwajabu alikuwa na panya arobaini, na kila mmoja alimwita mwanangu. Mwanamke wa Kiwalani, mtu wa pwani hasa, anayefagia hata palipokwisha fagiwa! Mwaka tisini na tatu tulifanya kazi wote kwenye maabara moja Mwananyamala, mie nadeki, yeye anatunza panya. Watu wa mtaani walitucheka. "Wenzenu wanafuga kuku, nyie panya?" Mwajabu aliwajibu, "Kuku wako atatibu nini?"

Na kweli, panya wale walikuwa na kazi. Walikuwa na uvimbe wa saratani, na daktari wetu, Mudathir, alitaka kuona ni wapi ndani ya uvimbe oksijeni haifiki. Uvimbe uliokosa oksijeni ni sugu, hata mionzi haiumalizi. Alikuwa na mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Palipokosa oksijeni panatoka peusi. Alipiga Jumatatu asubuhi, na Alhamisi jioni akitoka wodini.

Basi ikawa kizaazaa. Panya yule yule, Jumatatu uvimbe wake mweupe, Alhamisi mweusi tii! Wiki ya tatu daktari akazibwaga picha mezani. "Mashine hii haioni kitu, inabahatisha. Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Nitawaambia ukweli, utafiti tunaufunga."

Nikamtazama Mwajabu, kanywea kama kamwagiwa maji. Akanivuta stoo. "Wifi, Alhamisi si ndiyo siku ninayofukiza?"

Loo! Kila Alhamisi baada ya alasiri, kama afanyavyo kwake kuukaribisha usiku wa Ijumaa, alitia mkaa wa moto chetezoni, akaweka ubani, akafunga madirisha ili chumba cha panya kinukie. Daktari aliisikia ile harufu, ila alidhani ni nguo za Mwajabu. Mwanamke wa pwani hakosi kunukia.

"Nyamaza," nikamwambia, maana mie mwoga, sifichi. "Utafukuzwa kazi, shauri yako."

"Nikinyamaza wanangu wameteseka bure. Mficha uchi hazai, wifi."

Akaenda, akasema yote, akavua kabisa na koti la kazi, akalikunja. Daktari akazirudia picha za Alhamisi, moja moja. Kisha akauliza, "Mkaa bado upo?"

"Upo, daktari."

"Vaa koti lako. Kalete chetezo."

Panya watano wakafukizwa, watano wakaachwa chumba cha pili. Picha zikapigwa. Waliofukizwa, weusi tii, wenzao, weupe. Daktari akaruka juu, mtu mzima yule! "Moshi wa mkaa unainyima damu oksijeni, na mashine imeona! Mwajabu, inaona!" Mwajabu akapiga kigelegele, mie nikadakia, panya wakajibanza pembeni. Wallahi, nilifurahi mpaka nikalia.

Wafadhili walipokuja walikuta mashine katikati ya chumba na chetezo cha udongo kando yake. Wakazitazama picha, wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mmoja akauliza ni nani aliyebuni jaribio zuri namna ile.

Daktari akamwonyesha Mwajabu kwa mkono.

"Mie?" Mwajabu akasema, akilinyoosha koti lake. "Mie nilitaka wanangu wanukie tu."