Kikao Kilichohamia Uani Kwangu

Chama chetu cha wanawake hukutana Alhamisi baada ya alasiri, katika darasa la shule ambalo nusu ya paa lake ni turubai. Shughuli zake ni nyingi: kusoma, kushona, na majadiliano, ambayo kwa kweli ndiyo yanayotutoa majumbani. Mada huandikwa ubaoni kwa chaki. Mahari. Binti aliyeacha shule. Nani ale kichwa cha samaki. Hiyo ya kichwa cha samaki ilizua kelele kuliko zote, na wanachama wawili hawakuamkiana mpaka mwezi ulipoandama.

Mimi nilikuwa mwanachama wa kukaa nyuma, napenda kusikiliza na kucheka. Bibi mmoja wa serikali, tuliyemwita Dona, aliyehamishiwa huku Kionga kutoka kusini, alikuwa akija kutufundisha mambo ya ardhi kwa Kireno chake, mwenyekiti wetu akitafsiri. Siku moja alisema kwamba anayedai shamba si lazima awe na karatasi. Ushahidi wa majirani nao unasikilizwa. Nililisikia neno hilo, nikaenda zangu kupika.

Kisha mume wangu akafa. Aliumwa tumbo, tukamzika Jumatatu, nami nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kutoka nje, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wangu. Hayo sikuyaona mazito. Nilimpenda mume wangu, na sikuwa na hamu ya kwenda popote.

Hata arobaini haijafika, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akamwendea katibu wa mtaa. Anataka kikao juu ya minazi ya karibu na kisima cha zamani. Marehemu na mimi tulijaliwa mabinti wawili tu, na kwa hesabu ya mirathi ndugu wa kiume hupata fungu lake. Hilo silipingi, dini ni yangu pia. Lakini mirathi ni ya mali ya marehemu, na minazi ile ni yangu. Kipande nilikifyeka mimi, miche nilipewa na mama yangu, mashimo nilichimba mimi. Nazi zake ndizo zinazotulisha mimi na wanangu. Ikienda, tunabaki watu wa kuomba chumvi kwa jirani. Na tangu tulipokimbia vita na kurudi, wengi waliojua nani alipanda nini hawapo tena.

Shemeji akataka kikao kiwe uwanjani kwa katibu, tena upesi. Alijua fika kwamba siwezi kutoka, na huko uwanjani yeye hangekosa wa kumuunga mkono, kama mgema asivyokosa wa kumsifu tembo lake. Nilikasirika hata chai nikaiacha. Nikamtuma binti yangu mkubwa kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu anauza vitumbua, na sauti yake hufika kabla yake. Akaketi mbele yangu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Eda inakukataza kutoka," akasema. "Inakukataza na kunena?"

"Sijui, dada."

"Basi ntamuuliza anayejua."

Mwalimu wa chuo cha Kurani akamjibu kwamba mjane akae nyuma ya pazia, aseme haki yake, hakuna ubaya. Mwenyekiti akaenda kwa katibu. Katibu naye hakuchelewa kukubali kikao kije kwangu, siku ya Alhamisi, pamoja na chama. Nadhani hakutaka kugombana na wanawake wote wa mtaa kwa mpigo.

Alhamisi ikafika. Wanaume waliketi nje ya ua wa makuti: katibu, mwalimu, shemeji na majirani. Wanawake walijaa uani juu ya mikeka. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia la mlango, nawaona wanawake kwa upenyo, wanaume nawasikia tu. Mwenyekiti akaanza kama tulivyozoea darasani, bila kunitaja: mada ya leo ni mti, na mti ni wa nani.

Shemeji akakohoa huko nje, akasema kaka yake alihangaika maisha yake yote, na kila kilichosimama penye kisima kile ni jasho la kaka yake. Nami nikapaza sauti nyuma ya pazia, nikaeleza miche ilikotoka na nani alichimba.

"Maneno ni mawili," katibu akasema. "Shahidi ni nani?"

"Walochota maji ya kumwagilia miche ile," mwenyekiti akauliza, "wapo hapa?"

Tulichota watu wanne. Mmoja mimi. Mmoja alifia njiani tulipokimbia, na mmoja alibaki ng'ambo ya Ruvuma, hakurudi. Wa nne alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko, kampakata mwanawe wa mwisho: mke wa shemeji yangu. Mwenyekiti hakujua. Mimi nilijua, na ningeweza kumtaja. Sikumtaja. Yule anarudi kulala kwa mumewe, si kwangu. Niliinamisha kichwa, nikajiambia minazi imekwenda.

"Mimi," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Nlichota mimi, na mimba ya mwanangu mkubwa tumboni. Hino minazi kaipanda yeye. Marehemu alikuwa kisiwani Vamizi anavua, hata shimo moja hakuchimba."

"Unanena nini wewe?" Sauti ya shemeji, nje ya ua.

"Nnanena nlichoona."

Katibu akamuuliza tena, akajibu vilevile. Mwalimu akasema kisicho cha marehemu hakigawanywi, na mambo yakaishia hapo. Vigelegele vikapigwa. Nilifurahi, sikufichi, nilifurahi mpaka machozi. Kisha nikamwona yeye kwa upenyo wa pazia, hapigi kigelegele, anautazama ua wa makuti upande alikokaa mumewe. Furaha yangu ikaingia ubaridi.

Asubuhi yake alikuja na kibunda cha nguo, mtoto mgongoni.

"Kanambia nikalale kwenye minazi niloinenea," akasema.

Nikamwonyesha mkeka. Jua halijapanda sana, shemeji naye akafika, akasimama mlangoni anamwita mkewe kwa ukali. Kuingia hakuweza. Nyumba ya eda, na mimi si maharimu wake.

"Shemeji," nikamjibu nyuma ya pazia, "nna eda."

Akasimama. Akanung'unika. Akaondoka. Tukashikana mikono sisi wawili, tukacheka tukiwa tumeziba midomo kwa kanga, maana kucheka ndani ya eda nako kuna wenyewe wa kukusema. Kufuli alilotaka kunifungia limemfungia yeye nje.

Wajane huhesabu siku ili watoke. Sisi tulizihesabu kwa hofu, kwa sababu siku yangu ya kutoka ndiyo siku ya mlango kufunguka. Ikafika. Wanawake wakanikosha, wakanivika kanga mpya. Ijumaa shemeji akaja barazani, mpole, ameshika samaki, anaomba mkewe arudi. Mkewe akasema bado. Ijumaa nyingine akaja tena na samaki. Samaki tuliwapika, jibu likabaki lilelile.

Alhamisi baada ya hapo tulikwenda chamani pamoja. Dona alikuwepo. Mwenyekiti akashika chaki, akauliza nani ana mada. Mke wa shemeji akasimama, yeye ambaye hata kwenye kichwa cha samaki hakusema neno.

"Mimi nlifichwa na eda ya mtu," akasema. "Mwanamke akisema kweli juu ya mumewe, na eda hapana, alale wapi?"

Dona akasubiri tafsiri, akaipata, akapekua makaratasi yake, akayaacha. Mwenyekiti akaliandika swali ubaoni kama lilivyo. Nikasimama huko nyuma nilikozoea kukaa.

"Leo analala kwangu," nikasema. "Kesho niambieni nyie."

Asubuhi watoto wa shule walilifuta swali lile. Alhamisi iliyofuata tukaliandika tena.