Mama Aingia Ndani ya Sumaku

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo katika soko la Kibuye mjini Kisumu, na kwa miezi mingi aliwaambia wateja kwamba ule uvimbe kwenye paja lake la kulia ulikuwa chapati iliyopotea njia. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilifundisha shule ya msingi karibu na Otonglo. Jumamosi moja nilimkuta amekalia kiti upandeupande, kwa sababu uvimbe ulikuwa ukigonga meza ya cherehani kila alipokanyaga.

"Mama, twende hospitali."

"Nikimaliza sare za kwaya."

Kwaya ilipopata sare zake, nikampeleka. Kipande kidogo cha nyama kilikatwa kikapimwa, na majibu yakasema ni saratani. Daktari alituambia huenda mguu ukakatwa, ila kwanza alitaka Mama apigwe picha ya MRI Nairobi, ndipo wajue watarajie nini. Mama hakuuliza lolote kuhusu saratani. Aliuliza kama Nairobi kuna baridi.

Huko Nairobi, mpiga picha alitueleza kwa upole kwamba mashine ile ni sumaku kubwa, kwa hiyo chuma chochote kibaki nje. Mama akaanza kujipekua. Pini nne kwenye kola. Sindano yenye uzi kwenye kitambaa cha kichwa. Mkasi mdogo ndani ya sidiria. Mpiga picha alileta bakuli, kisha akaenda kuleta kubwa zaidi.

"Mama, chuma kimeisha?"

"Cha nje kimeisha."

Yule bwana akanigeukia. Nikamwambia anatania, ingawa sikuwa na hakika.

Mashine ilipoanza kunguruma kama posho mill ya kusagia mahindi, Mama akaanza kuimba wimbo wa kanisani.

"Mama, usiimbe, unatikisika!" mpiga picha akamwambia kwa kipaza sauti.

"Mwambie na huyu mwenzangu anyamaze!"

Picha zilirudiwa mara mbili.

Siku mbili baadaye, daktari wa upasuaji alizitundika kwenye taa. Nilikuwa nimeushika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa.

"Uvimbe ni mkubwa na umekaa ndani sana," alisema. "Hilo linanitia wasiwasi. Wa namna hii unaweza kurudi, hata kwenye mapafu. Lakini tazameni hapa. Haujagusa mfupa, na mshipa mkubwa wa damu uko mbali nao. Mguu utabaki. Ila goti litakuwa dhaifu, Mama. Cherehani ya kukanyaga, usahau."

Mama akasogeza uso karibu na picha, akafuata ukingo wa uvimbe kwa kidole.

"Pembeni utaacha nafasi kiasi gani?"

"Sentimita mbili, nikiweza."

"Jitahidi. Ukikata karibu sana utarudia kazi."

Daktari alicheka, akasema hayo ndiyo huwaambia wanafunzi wake. Mimi nilitoka nje nikalia, sijui kwa furaha au kwa woga. Mama akanifuata akichechemea.

"Yawa, jamani! Unalia nini, na mguu ni wangu?"

Alipasuliwa, kisha akapigwa mionzi kwa wiki kadhaa. Goti lilidhoofika vilevile daktari alivyosema, na matope ya Kibuye yakamlazimu kutembea na fimbo, ambayo aliitumia zaidi kuonyesha watu mahali nguo zao zilipokosewa. Kuhusu cherehani, picha haikumjua vizuri. Alihamia mguu wa kushoto, akaharibu suruali mbili za mchungaji, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi kazini.

Kwa miaka mitano tulikwenda kupimwa mapafu, na kila safari yalikuwa safi. Mimi ndiye niliyekuwa nashindwa kula siku ya safari. Mama alisinzia tangu Kisumu hadi Nakuru, akaamka kununua mahindi ya kuchoma, akala yake, kisha akanyoosha mkono achukue na yangu.