Mume Aliyefuata Picha Zake

Simu ilipolia, Mama Pacha alikuwa ameinamia gauni la mteja, pini zimejaa kinywani. Aliyepiga ni mfamasia wa mtaa wa pili, mtu mpole ambaye hata akikuuzia dawa chungu hukuomba radhi. Siku hiyo upole alikuwa ameuacha dukani.

"Shemeji, njoo umchukue mumeo. Amepanda juu ya kochi langu na viatu vyake."

Mama Pacha akatema pini. "Anafanya nini juu ya kochi?"

"Anafuta baiskeli yangu!"

Hakuuliza baiskeli gani. Aliijua. Ilikuwa ndani ya picha ya barabara baada ya mvua, picha ambayo mfamasia aliinunua kwa fedha yake halali, akaitundika sebuleni, akadhani sasa ni yake. Masikini ya Mungu! Mtu akikuuzia kiti, haji mwakani kukipunguza miguu. Lakini mume wa Mama Pacha alikuwa mchoraji, tena mchoraji wa namna ya peke yake. Ukimuuliza kama picha imekwisha, hujibu "bado". Akishaiuza, bado. Ikishatundikwa kwenye ukuta wa watu, bado. Hata jina alilopewa na wazazi lilisahauliwa, mtaa mzima ukawa unamwita Bwana Bado. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuhusu kitu kilichokwisha kuuzwa halafu mwenyewe akakifuata nyuma, hawakusema lolote, labda kwa sababu hawakuwahi kuona balaa la aina hiyo.

Alimkuta palepale juu ya kochi, brashi moja mkononi, nyingine ameipachika sikioni, harufu ya tapentaini imefika mpaka jikoni. Mke wa mfamasia alikuwa amejishika kiuno.

"Baiskeli ilikuwa inasema uongo," Bwana Bado akaeleza bila kugeuka. "Barabara imelowa, magurudumu makavu. Ilikuwa inanikosesha usingizi."

"Mimi nilinunua baiskeli!" mfamasia akafoka. "Barabara ninayo hapo nje, bure!"

Mama Pacha alimshusha mumewe kwa kumvuta shati. Akaomba radhi kwa mfamasia, akaomba radhi kwa mke wa mfamasia, akaahidi kushona vitambaa vipya vya makochi bila malipo. Hivyo ndivyo sanaa ilivyowalisha katika nyumba ile: mume akichora, mke akishona fidia.

Njiani hakumnyamazia. Mume naye hakukosa la kujitetea, kwa kuwa alikuwa na kitabu kimoja kinene cha maisha ya wachoraji wakubwa, na kila alipobanwa alikimbilia humo.

"Wewe hujui tu. Yuko mchoraji mkubwa wa zamani alikuwa anaingia makumbusho na rangi mfukoni. Mlinzi akigeuka, anarekebisha picha yake."

"Na mkewe alikuwa anakula nini?"

"Hilo kitabu hakikusema."

"Kitasemaje? Si kiliandikwa na mwanamume?"

"Wakubwa wengi walikufa maskini, mke wangu. Walitambuliwa baadaye."

"Basi kazi yako imeisha nusu. Imebaki kufa."

Alicheka yeye, Bwana Bado, kicheko cha mtu asiyejua kwamba anaudhi. Mama Pacha hakucheka. Mgongo ulikuwa unamuuma. Karo ya pacha ilitoka kwenye cherehani, kodi ilitoka kwenye cherehani, hata turubai za kuchorea zilitoka kwenye cherehani. Na picha, ambazo kila aliyeziona alizisifu, zilikuwa hazinunuliwi tena. Nani atanunua picha inayokuja na mwenyewe?

Riziki ilipokuja, ilipitia kwenye mapazia. Meneja wa hoteli mpya, mama mmoja mkavu wa maneno, alifuata mapazia aliyoshonewa, akaona picha zimeegemezwa ukutani, akasimama. Alitaka picha kwa kila chumba. Maua, maji, ndege, vitu vya kumtuliza mgeni aliyechoka.

"Lakini huyu bwana habari zake ninazo," akasema. "Picha ikishatundikwa, sitaki kumwona hotelini hata akija kuomba maji ya kunywa. Akigusa moja tu, namrudishia zote na kazi imekufa."

"Tumekubali," Mama Pacha akasema, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Jioni ile alimweka chini. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Bwana Bado kuliko kelele zote. "Mgongo wangu umefika mwisho," akamwambia. "Nimekushonea miaka yote hii na sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Ukimaliza picha, maliza. Ukishindwa, mimi sitaweza tena kuibeba nyumba hii."

Bwana Bado akaichomoa brashi sikioni, akaiweka mezani. "Sawa," akasema.

Sawa gani! Wiki za mwanzo ilikuwa vita. Mzee mzima alinyatia mlangoni amevaa koti, mfukoni brashi, anasema anakwenda kunyoosha miguu. Mama Pacha alimfichia viatu. Akamfichia na koti. "Yule ndege wa chumba cha juu ana shingo ya bata," mume akalia. "Wageni wanakuja kulala," mke akajibu, "hawaji kupima shingo." Usiku alimsikia akigeuka na kuguna, akajikaza asimwonee huruma, maana huruma ndiyo iliyowafikisha pale.

Halafu, taratibu, akazoea. Alichora ndege mwenye shingo ya bata bila kuguna. Akachora wa pili na wa tatu, shingo ileile. Maua aliyaanza asubuhi na kabla ya chakula cha mchana alikuwa anaosha brashi, anatoka kwenda kucheza dama na majirani. Hoteli ikaleta hoteli. Mama Pacha akapata cherehani ya umeme na kiti chenye mahali pa kuegemea, mgongo ukatulia, pacha wakalipiwa karo ya mwaka mzima kwa mkupuo. Majirani wakampongeza kwa kumtia adabu mwanamume. Alipokea pongezi zote, kwa nini asipokee? Alikuwa amezitolea jasho. Kitu kimoja tu kilimkera, na alijiona mjinga kukerwa nacho: mumewe siku hizi alitembea haraka. Zamani angeweza kusimama katikati ya njia kushangaa ukuta uliopigwa na jua, wakachelewa waendako, akamtukana. Sasa walifika mapema kila mahali.

Siku moja akaja mwalimu mstaafu, mjane mwenye fimbo, akakaribishwa kiti. Mama Pacha alijiandaa kuomba radhi kwa mazoea.

"Mwanangu, mumeo nimemkosea nini?" mwalimu akauliza. "Mbona haji tena?"

"Kufanya nini, mama?"

Ndipo alipoelezwa. Mwalimu alipofiwa na mumewe, alichorewa picha ya marehemu ameketi mezani anasoma gazeti. Mwaka uliofuata Bwana Bado alibisha hodi, akamwongezea marehemu mvi kidogo. Mwaka mwingine akamshusha bega. Akaja tena, akamvalisha miwani. Katika nyumba zote, hiyo peke yake ndiyo haikuwahi kumpigia simu Mama Pacha.

"Mara ya kwanza nilitaka kumtoa kwa fimbo hii," mwalimu akasema. "Baadaye nikaelewa. Alikuwa anamzeesha mume wangu polepole, ili twende sawa. Sasa mimi naendelea peke yangu."

Mama Pacha hakumaliza kuaga wateja wake. Alimwendea mumewe kwenye dama, sanduku la rangi mkononi, akamwambia picha ya mwalimu inamsubiri.

"Ile niliiuza," Bwana Bado akasema. "Si ulikataza?"

"Nani kakuuliza? Inuka twende."

Mwalimu alitangulia nyumbani kwake, na walipofika alikuwa ameshatandika magazeti ya zamani juu ya viti vyote, hata sakafuni. Bwana Bado akasimama mbele ya picha, mikono nyuma. Wakamsubiri. Zamani angekuwa ameshapanda juu ya kiti.

"Nzuri," akasema.

"Nzuri vipi?" Mama Pacha akauliza.

"Nzuri tu. Sioni cha kuongeza."

Mwalimu, akiwa bado anatumaini, akajisogeza karibu na picha ili asaidie. Akauweka uso wake kando ya uso wa marehemu. Mama Pacha alitamani asingefanya hivyo, kwa sababu walionekana mtu na mwanawe.

"Tazama vizuri!" akamfokea mumewe. Alikuwa na hasira na meneja, na ndege wote wa vyumba vyote, na mgongo wake mwenyewe ambao haukumuuma tena. "Tazama, baba pacha. Nakuomba."

Bwana Bado akainama, akakunja jicho moja kama alivyokuwa akifanya zamani, na moyo wa mkewe ukaruka. Kisha akanyooka. Akamgeukia kwa upole, kama mtu anayetaka kukufurahisha.

"Imekwisha, mke wangu."